Pampu ya msikiti imenivua nguo mbele ya baba

Assalaam aleikum Mwalimu, na shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 22, kwetu ni shamba, nje kidogo ya Wete, Pemba. Nimemaliza mwaka wa pili wa uhandisi wa umeme katika chuo kikubwa cha serikali huko bara. Nakuandikia usiku, nyumbani wote wamelala, maana mchana siwezi hata kushika kalamu bila ya mtu kuniuliza naandika nini.

Nilipopata nafasi ya chuo, mkopo wa serikali nilipewa lakini haukutosha kompyuta na mambo mengine, basi baba akakodisha mikarafuu yake misimu miwili mbele. Mama akaanza kuniita injinia siku hiyohiyo, kabla hata sijapanda boti bandarini Mkoani. Jina likaenea. Sasa nikija likizo kila kibovu cha mtaa kinaletwa barazani kwetu: feni, pasi, redio ya mzee, friji ya jirani anayeuza malai. Mwalimu, mimi sijui kutengeneza feni. Chuoni hatusomi feni, tunasoma hesabu. Darasa lina watu mia mbili na ushei, ukichelewa unakaa nyuma na ubao huuoni. Maabara tunaingia watu 12 kwa meza moja: mmoja anafunga waya, mmoja anasoma mita, waliobaki tunanakili namba. Mimi ni wa kunakili. Ripoti zangu huwa safi kabisa.

Matokeo yametoka. Nina sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia: Sakiti na Hesabu. Kwenye Sakiti kuna swali la alama 20 nimeliacha tupu, sikuandika hata jina la kanuni. Lilikuwa na njia mbili zilizofungwa sambamba, moja ina koili (waya uliosukwa), nyingine ina koili na kapasita (kifaa cha kuweka chaji ya umeme), wakataka tutafute kapasita ya kiasi gani itaifanya mikondo miwili ipishane kwa nyuzi 90. Desa lake, yale majibu ya kunakili tunayopeana, nilikuwa nalo, nimelisoma mpaka karatasi imechoka, lakini namba zilipobadilika nikawa kama sijawahi kuliona. Baba hajui. Kila akiniuliza namwambia hayajatoka.

Ijumaa iliyopita pampu ya kisima cha msikiti ikagoma. Inavuma lakini haizunguki. Nikaitwa, baba yuko mstari wa mbele anatabasamu. Nikapima kwa testa, umeme upo. Nikafungua, nikakaza nati, nikafunga. Inavuma tu, na inapata moto. Nikasema mota imeungua, ipelekwe ikasukwe waya upya. Bei ya kusuka ikatajwa, watu wakaanza kutazamana. Ndipo akaja fundi mmoja wa mtaa wa pili, skuli aliachia darasa la saba. Hakupima kitu. Aliomba kijiti, akakipenyeza nyuma kwenye lile feni la mota, akawasha, akalisukuma. Mota ikazunguka! Akasema, "Kapasita hiyo." Akaenda kwake, akarudi na kapasita ya pampu kuukuu, dakika kumi maji yanatoka. Mzee mmoja akamwambia baba, "Huyu wako bado hajafika ukurasa huo?" Watu wakacheka. Baba hakucheka.

Nimebakiwa na wiki tano kufanya sapu. Nafikiria nisirudi. Ami yangu anavua, ananiambia nirudi baharini kama zamani nilipokuwa mdogo. Rafiki yangu anasema nikaanze upya chuo cha Karume, Mbweni, nisome stashahada. Mwengine anasema niende Mafunzo ya Amali Vitongoji nijifunze ufundi wa kweli, kuliko kuzeeka na makaratasi. Mwalimu, kichwa changu hakifai kwa kazi hii, au kuna kitu sikijui?

Wako,
Injinia wa Jina, Wete

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nimecheka peke yangu hapa mpaka mke wangu akaniuliza kuna nini. Usiudhike. Nimecheka kwa sababu umeniandikia mambo mawili kama vile hayajuani, kumbe ni jambo moja. Swali la alama 20 uliloliacha tupu ni ile pampu ya msikiti. Si mfano wake wala jamaa yake, ni yenyewe. Ulikaa nayo chumba cha mtihani ikiwa imevaa kalamu na karatasi, kisha ukakutana nayo kisimani ikiwa imevaa kutu, na mara zote mbili hukuitambua.

Hebu tuitazame. Mota ya fezi moja, yaani ya umeme wa kawaida wa nyumbani, ikiwa na koili moja tu haijui izunguke upande gani. Usumaku wake unapanda na kushuka palepale, mara 50 kila sekunde, hauzunguki. Ndiyo maana inavuma ikakaa. Ukiisukuma inakwenda, na inakwenda upande huohuo uliousukuma. Kijiti cha fundi kilifanya kazi hiyo na si nyengine. Ili ianze bila ya kijiti, watengenezaji huiwekea koili ya pili, imekaa kwa pembe nyengine ndani ya mota, na mkondo wake lazima upishane na ule wa kwanza, ikiwezekana robo nzima ya mzunguko, yaani nyuzi 90. Kinachoupishanisha ni kapasita. Kapasita ikifa, koili ya pili imekufa pamoja nayo hata kama waya wake ni mzima, na mota inabaki na ile moja inayovuma. Sasa rudi kwenye swali lako: njia mbili sambamba, moja koili, nyengine koili na kapasita, mikondo ipishane nyuzi 90. Unaiona pampu?

Kwa nini kapasita ipishanishe? Hapa nataka uache madesa uende kwa ami yako. Mtu aliyepiga kasia mlangoni mwa hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, anaijua habari hii kuliko wewe, ila hajui kuwa inaitwa hivyo. Maji yakijaa kabisa, mkondo pale mlangoni ukoje? Umesimama, hata jani halisogei. Yakipwa kabisa? Umesimama vilevile. Mkali ni wakati gani, ule ambao wewe mtoto mdogo ulikuwa huwezi kuupiga kasia? Katikati, maji yakiwa nusu. Toka kujaa hadi kujaa tena ni muda wa saa 12 na dakika 25 hivi. Mkondo wa kuingia unafika kilele chake kama saa tatu kabla ya kima cha maji kufika chake, yaani robo ya mzunguko. Mkondo umetangulia, kima kinafuata nyuma. Hori ni kapasita, mwanangu. Kima cha maji ndiyo volti, na mkondo ni mkondo, hata jina wazee wametuwekea hilohilo. Umeme wako unafanya vivyo hivyo ila una haraka: mzunguko mzima ni milisekunde 20, robo yake milisekunde 5.

Koili ni kinyume chake. Ni jahazi lililosheheni: tanga limeshajaa upepo, nalo ndiyo kwanza linaanza kujivuta. Mkondo unachelewa.

Na ile herufi j ya hesabu za umeme, inayokutoa jasho kwenye Hesabu, haisemi zaidi ya hayo. Ni amri ya kugeuka robo duara. Ukizidisha kwa j mara moja mshale umegeuka robo, ukizidisha tena umegeuka nusu, sasa unatazama ulikotoka. Ndiyo maana j mara j ni hasi moja. Waliomwita jamaa huyu "namba ya kufikirika" walituonea sana. Nimefundisha fizikia miaka mingi na nimeona watoto wenye akili wakikimbia kwa ajili ya jina tu.

Chukua kalamu tulimalize. Koili kuu nipe ukinzani wa omu 30 na riaktansi (ule ukinzani unaoupishanisha mkondo) ya omu 40. Pembetatu yake ni 30, 40, 50, kwa hiyo mkondo ni volti 230 za ukutani kugawa kwa 50, ampia 4.6, na umechelewa nyuzi 53. Koili ya pili nipe omu 80, na riaktansi 60. Unautaka mkondo wake utangulie nyuzi 37, kwa sababu 53 na 37 ni 90. Nyuzi 37 ni pembetatu ya 80, 60, 100, lakini hiyo 60 sharti iwe upande wa kapasita. Basi kapasita kwanza iifute 60 ya koili yake, kisha ibakishe 60 nyengine. Jumla inatakiwa 120. Gawa 1 kwa 2π mara 50 mara 120. Jibu ni maikrofaradi 26 na nusu. Namba hizi nimezitunga zikae vizuri, za mota halisi hazina adabu hivi, lakini ukienda kwa muuza vipuri ukamwambia hivyo atakupa ya 25 bila ya kukuuliza ulisoma wapi.

Umeona nilichofanya? Sikufungua desa hata moja. Nilichora pembetatu mbili na kujiuliza nani anatangulia nani. Wewe ulisoma desa mpaka karatasi ikachoka, ukajua mkono wa aliyeliandika, ukajua hata pale alipofuta. Swali hukulijua. Na nadhani maabara ni hivyohivyo: ripoti safi za vipimo ambavyo mkono wako haujavigusa. Hapo ndipo ninapokulaumu, hapo tu. Wingi wa watu darasani si kosa lako, na mita moja kwa watu 12 si kosa lako. Lakini muhula ujao ukiingia maabara sema mapema, "Leo nafunga mimi." Utafunga vibaya, utachoma fyuzi, wenzako watakununia. Fyuzi zimewekwa zichomeke. Tena huyo fundi sanifu wa maabara, mzee wa koti la buluu, kila chuo anaye, mara nyingi jioni yuko peke yake na hana wa kuzungumza naye. Mpelekee kahawa.

Sasa hilo la kushindwa na mtu wa darasa la saba. Hakukushinda kwa akili, amekutangulia kwa pampu mia mbili. Anajua kuwa ikivuma bila ya kuzunguka ni kapasita, na mara nyingi atapatia. Hajui kwa nini, na kwa pampu ya msikiti hana haja ya kujua. Lakini kuna mahali pa kujua kwa nini, na hapako mbali na kwenu. Umeme unaowaka hapo Wete unatoka Tanga kwa kebo iliyolazwa chini ya bahari mwaka 2010, kilovolti 33, kilomita 78 hivi, inapanda nchi kavu Ras Mkumbuu, hapo Pemba. Kabla yake Pemba ilikuwa ikiendeshwa na majenereta ya dizeli ya Wesha, wewe ulikuwa mdogo. Sasa fikiri: kebo ni shaba katikati, kihami kuizunguka, kisha ganda la chuma nje. Vyuma viwili na kihami baina yao. Hiyo ni nini kama si kapasita? Ni kapasita yenye urefu wa kilomita 78! Kila mzunguko inajazwa na kumwagwa, hata kama Pemba nzima imezima taa, na mkondo huo wa kuijaza unakula nafasi ya mkondo wa kazi. Kadiri kebo inavyorefuka ndivyo unavyokua, na ikizidi sana urefu hakibaki cha kumfikia mtu. Kuna mtu alikaa chini akaupigia hesabu kabla meli haijaanza kuilaza. Kwa j ileile. Kijiti kisingefaa pale.

Mimi 2008 nilikuwa Unguja. Kisiwa kizima kilikuwa kinategemea kebo moja ya mwaka 1980, na mwezi wa Mei ukakatika umeme, tukakaa kiza karibu mwezi mzima. Ikarudia Disemba 2009, safari hiyo hadi Machi 2010, miezi mitatu. Nakumbuka foleni za ndoo, na sauti ya majenereta madogo Darajani mpaka ukitaka salamu upige kelele. Ile kebo ya pili ya megawati 100 haikuja hadi 2013. Siku zile mafundi tulikuwa nao tele, na wazuri. Tuliokuwa tukiwatafuta ni wa aina nyengine, na wewe umeshatembea nusu ya njia ya kuwa mmoja wao.

Ndiyo maana jibu langu ni urudi ukafanye sapu. Sikuahidi kuwa utafaulu. Vyuo vyetu vingi hata ukiipata yote hukupa C, usilitazame hilo. Kazi ya wiki tano ni hii: kila siku maswali mawili ya Sakiti na mawili ya Hesabu, majibu yamefungwa kabatini. Ukikwama, kwama nusu saa nzima kabla ya kufungua. Ukishafungua, lifunge, badilisha namba, lifanye tena. Jioni mweleze mtu wa nyumbani kwa Kiswahili ulichofanya, mdogo wako au hata mama akiwa anakuna nazi. Ukishindwa kumweleza, hujafahamu. Kiingereza utakiandika siku ya mtihani, hiyo ni kazi ya siku ile.

Asubuhi nenda kwa yule fundi. Naam, yuleyule. Mpe mkono, mwambie umekuja kubeba mkoba. Usiende na maelezo ya nyuzi 90 siku ya kwanza, atakuona mjinga mara ya pili. Feni na pasi atakufundisha ndani ya wiki mbili, na usidharau, kwani mtaa una haki ya kutegemea kuwa mtu wa umeme anajua feni, hata kama mimi na wewe tunajua kuwa si lazima. Na kabla hujashika kapasita yoyote, zima umeme, itoe chaji kwa taa au kikinzani, kisha ipime. Inaweza kuhifadhi umeme baada ya swichi kuzimwa, haijali kuwa wewe ni mtoto wa nani.

Vitongoji na Karume ni mahali pa heshima, nimewasomesha wengi waliokwenda huko, wengine leo wananiajiria wajukuu. Sapu zikikataa, nenda Mbweni ukaombe stashahada, na mlango wa shahada utakuwepo baadaye. Lakini uende kwa kuwa umechagua. Ukienda leo utakuwa unamkimbia yule mzee wa msikitini, na deni la mkopo nalo litakufuata hukohuko, halisamehewi kwa kuacha. Kuhusu uvuvi sina neno, ila ami yako mwenyewe muulize kwa faragha kama angependa mwanawe avue. Ninavyowajua wavuvi, jibu nalijua.

Limebaki la baba, na hili ndilo gumu. Mwambie kesho. Si kwa simu kutoka bara, si kupitia kwa mama; mama ukimwambia kwanza atabeba siri yako na ugonjwa wa moyo juu yake. Msubiri baba baada ya alasiri, mkae chini ya mikarafuu hiyohiyo. Usianze na habari za darasa kubwa na mita moja, atasikia unatafuta sababu. Sema, "Baba, matokeo yalitoka, nimefeli masomo mawili, nikakuficha. Nayafanya tena baada ya wiki tano." Kisha nyamaza. Atakasirika, na atakasirikia zaidi huko kuficha kuliko kufeli. Mwache amalize. Mtu wa mikarafuu anajua mwaka mti unavyobeba mpaka matawi yakalala, na mwaka unaofuata ukakupa pishi mbili ukabaki kuutazama. Hajawahi kuukata kwa hilo. Sikupi hayo umwambie, anayajua. Na kule kutocheka kwake msikitini wewe umekuhesabu kuwa ni aibu juu yako. Mimi nimekusoma vyengine: watu walikuwa wanamcheka mwanawe.

Yakishapita hayo, mwombe fundi ile kapasita mbovu aliyoitoa. Hajaitupa, mafundi hawatupi kitu. Ubavuni mwake pameandikwa namba. Isafishe, isome, kisha niandikie unipe namba hiyo na unipigie hesabu riaktansi yake kwa mizunguko 50. Nasubiri.